Gitaa kavu jipya, sauti ya debe: anza na nyuzi, nondo iache mwisho

Kijana mmoja wa Moshi alinipigia simu jioni akiwa na uchungu kwelikweli. "Kaka, nimepigwa." Alikuwa amenunua gitaa kavu, yaani lile linalolia bila umeme, kwa mgeni aliyekuja kujitolea na sasa anarudi kwao. Gitaa zuri la kutazama, mkoba safi, ila alipofika nalo mtaani kwake Pasua likawa linatoa sauti ya debe. Nikamwambia apande basi Jumamosi aniletee Arusha. Nilipofungua mkoba sikuhitaji hata kulipiga. Nyuzi zilikuwa nyeusi, ukipitisha kidole kinatoka na kutu. Tukazibadilisha palepale kibarazani, tukatyuni, akapiga kodi moja ya G (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), akanyamaza kidogo, kisha akaanza kucheka peke yake.

Si kila gitaa linapona hivyo, lakini mengi yanayoletwa kwangu kama "mabovu" yana ugonjwa wa nyuzi, wa mkono au wa hali ya hewa, kabla ya kufika kwenye ugonjwa wa gitaa lenyewe. Hapa chini nimepanga dalili kama wenye magitaa wanavyozieleza, na chini ya kila moja nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi.

Tuelewane majina kwanza. Kile kipande chembamba kichwani nyuzi zinapopita kuingia kwenye shingo nitakiita mfupa wa juu, na kile kinachokaa kwenye daraja, yaani kipande kilichogundishwa kwenye ubao wa mbele nyuzi zinapoishia, nitakiita mfupa wa chini. Siku hizi mara nyingi ni plastiki, lakini asili yake ni mfupa kweli, na hata leo fundi mzuri anaweza kukuchongea kutoka kwenye mguu wa ng'ombe wa buchani, akishauchemsha mafuta yakaisha na kuukausha. Nondo ni chuma kilichopita ndani ya shingo kuizuia isipinde. Freti mnazijua, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo.

Kabla ya dalili yoyote: gitaa lako ni la nailoni au la chuma?

Hapa naanza na aibu yangu mwenyewe. Gitaa langu la kwanza lilikuwa la nailoni na sikujua. Nikaona sauti yake ni ya upole mno, haisikiki kwenye kwaya, nikanunua seti ya nyuzi za chuma nikafunga. Ilikuwa usiku, kesho yake tunaimba. Sauti ikawa kubwa, nikafurahi, nikaliegemeza ukutani nikalala. Saa nane usiku nikasikia mlio kama risasi. Daraja lilikuwa limeng'oka na kipande cha ubao wa mbele.

Nyuzi za chuma za unene wa kawaida, ile seti inayoanza na uzi mwembamba wa inchi 0.012, zikikazwa zote sita zinavuta kwa zaidi ya kilo 70, yaani mfuko wa saruji na karibu nusu ya mwingine. Za nailoni zinavuta kama kilo 40, haifiki mfuko mmoja. Gitaa la nailoni limejengwa kwa mzigo huo mdogo na mengi hayana hata nondo shingoni.

Kulitambua ni rahisi. La nailoni kwa kawaida lina kichwa chenye madirisha mawili, shingo pana, na nyuzi zinafungwa fundo kwenye daraja. La chuma lina kichwa kisicho na matundu makubwa, shingo nyembamba zaidi, na vijiti sita kwenye daraja vinavyoshikilia nyuzi. Ukikuta nyuzi za chuma zimefungwa fundo kwenye daraja lisilo na vijiti, legeza zote leo, usingoje kesho. Muuzaji dukani akikwambia "zote sawa tu", nunua piki yake (kile kiplastiki cha kupigia nyuzi) utoke.

"Sauti imefubaa, halilii"

1. Nyuzi zimechoka. Hata gitaa jipya la dukani linaweza kuwa limekaa kwenye boksi miezi mingi, limevuka bahari, likakaa stoo. Tazama uzi wa tatu hadi wa sita, ukihesabu kuanzia ule mwembamba kabisa: kama rangi ya shaba imegeuka kahawia au nyeusi, au ukiugusa kwa chini unasikia vibonde palipo freti, badilisha. Wapo wanaochemsha nyuzi zile zilizoviringishwa ili jasho na uchafu vitoke. Inasaidia, lakini kwa siku chache tu. Mimi nilifanya hivyo nikiwa sina hela, usione aibu ukifanya. Kwa anayepiga kila siku na mkono wake unatoka jasho, miezi miwili ni mingi. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza.

2. Limetyuniwa chini. Watu wengi wanatyuni kwa kufuata sauti ya mwimbaji, wanajikuta wako chini sana. Uzi ukilegea, gitaa linakosa nguvu na linaanza kukwaruza. Tumia programu ya simu, hakikisha noti ya A imewekwa hezi 440, na uzi wa tano ukiachwa wazi usome hezi 110.

3. Wewe uko nyuma ya gitaa. Sauti inatokea mbele, kwa hiyo anayesikiliza anasikia zaidi yako. Mpe mwenzako apige, usimame hatua mbili mbele yake. Au kaa ukiutazama ukuta mtupu. Wengine wameacha kulalamika baada ya jaribio hili tu.

4. Piki na mahali pa kupiga. Piki laini kama kadi ya vocha inatoa sauti nyembamba ya kuchapachapa. Jaribu nene kidogo. Karibu na daraja sauti inakuwa kali, karibu na tundu inakuwa nene.

5. Ubao wenyewe. Chungulia ukingo wa tundu la sauti. Kama mistari ya ubao wa mbele inashuka moja kwa moja kwenye ukingo, ni ubao mzima. Ukiona tabaka kama za plaiwudi, ni plaiwudi. Hiyo hakuna fundi wa kuitibu, na wala si dhambi: plaiwudi inavumilia jua na safari za daladala kuliko ubao mzima. Nyuzi mpya za bronzi na mpangilio mzuri zitakupa kile ilicho nacho.

"Linakwaruza"

Hili ndilo lalamiko kuu, na ndilo lenye vyanzo vingi. Usikimbilie kushika spana. Kazi ya kwanza ni kujua linakwaruza wapi: uzi gani, freti ya ngapi, au ni wakati wote?

Anza na wewe. Kidole kikae nyuma kidogo tu ya freti, upande wa kichwani, si katikati ya freti mbili na si juu ya freti. Mkwaruzo wa mwanafunzi mara nyingi unaishia hapo.

Kisha tafuta kitu kinachocheza. Mwezi wa sita na wa saba hapa Arusha baridi ikishika kila mtu yuko ndani ya jaketi. Niliwahi kuhangaika karibu saa nzima na gitaa la mama mmoja wa kwaya, nikikagua freti moja baada ya nyingine, kumbe ni zipu ya jaketi lake inagusa mgongo wa gitaa kila akilikumbatia. Alipolivua, kimya. Kagua pia vifungo, mkanda wa suruali, ncha za nyuzi kichwani ambazo hazikukatwa, nati za funguo za kukazia, na karatasi ya nailoni ya kiwandani ambayo watu hawataki kuibandua. Ibandueni jamani, hilo si sofa. Mwisho sogea chumba kingine; wakati mwingine kinachotetema ni kioo cha dirisha.

Hapo ukiwa umemaliza vyote na bado linakwaruza, sasa sikiliza kwa mpangilio:

Uzi ukiwa wazi unakwaruza, ukibonyeza freti yoyote unaacha. Mfereji wa mfupa wa juu umelika, uzi umekaa chini mno. Kwa dharura, legeza uzi, weka kipande chembamba cha karatasi ndani ya mfereji, kaza tena. Kitakufikisha Jumapili. Dawa yenyewe ni mfupa mpya.

Linakwaruza freti ya kwanza hadi ya tano au ya sita, nyuzi karibu zote. Shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kinyumenyume. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na freti ya 14 kwa mwingine, kisha tazama freti ya saba. Lazima kuwe na upenyo mdogo, kama milimita 0.2, unene wa karatasi mbili hivi za daftari. Uzi ukiwa umelala juu ya freti kabisa, shingo haina nafasi. Soma sehemu ya nondo hapa chini kabla hujafanya lolote.

Linakwaruza sehemu moja tu. Kuna freti iliyoinuka. Chukua kadi ya benki, simamisha ukingo wake katikati ya nyuzi mbili, ulale juu ya freti tatu kwa pamoja. Karibu na kichwa tumia upande mrefu, ukishuka kuelekea tundu tumia upande mfupi. Kadi ikiyumba kama meza mbovu ya mgahawa, freti ya katikati ndiyo mkosaji. Wakati mwingine imeng'oka kidogo tu na inarudi ikigongwa taratibu na kinyundo cha plastiki. Kupiga freti msasa au tupa, hapana. Huo ni mkono wa fundi.

Lilikuwa zima, kiangazi kimeingia linakwaruza kila mahali. Ubao umekauka, uso wa mbele umezama, nyuzi zimeshuka. Nitalirudia hilo.

Mkwaruzo unatoka ndani ya tumbo. Gonga ubao wa mbele taratibu kwa kifundo cha kidole, sehemu mbalimbali. Mahali pazima panalia kama mlango. Palipoachia mbao za ndani panalia kama chungu chenye ufa. Simama hapo, mpelekee fundi.

"Vidole vinauma, nyuzi ziko juu sana"

Maumivu ya wiki tatu za kwanza ni ya kila mtu. Lakini kama hata mpigaji wa siku zote akilishika anakunja uso, pima.

Kipimo changu cha mtaani: kadi za benki. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76. Weka kadi tatu pamoja, zipenyeze kati ya uzi mnene na freti ya 12. Kwa gitaa la chuma, tatu zikigusa uzi kidogo au zikipita kwa shida uko vizuri, hiyo ni kama milimita 2.3. Zikipita nne au tano bila kugusa, nyuzi ziko juu. La nailoni linaruhusiwa kufika kadi tano. (Mke wangu amezoea kadi yake kupotea siku za wateja.)

Vyanzo kwa mpangilio wake:

Nyuzi nene mno. Seti ya 0.013 kwa mwanafunzi ni mateso. Shuka hadi 0.011 au 0.010, vidole vitakushukuru, sauti itapungua kidogo tu.

Mfupa wa juu ni mrefu. Bonyeza uzi freti ya tatu, tazama juu ya freti ya kwanza. Unatakiwa uone mwanga mdogo sana, karibu kugusa. Ukiona pengo la wazi, ndiyo maana kodi ya F inakushinda. Mifereji hii inachimbwa kwa tupa maalumu nyembamba, na ukipitiliza kwa unywele tu unaingia kwenye mkwaruzo wa hapo juu. Fundi.

Mfupa wa chini ni mrefu. Hili unaweza mwenyewe ukiwa na utulivu. Legeza nyuzi, chomoa mfupa kwa koleo ukiwa umeukinga na kitambaa, na kumbuka upande upi ulitazama wapi. Hesabu iko hivi: ukitaka uzi ushuke milimita 0.5 kwenye freti ya 12, mfupa upungue milimita 1. Chora mstari wa penseli, weka msasa juu ya kigae au kioo, usugue chini ya mfupa, kamwe si juu. Sugua kidogo, rudisha, pima, sugua tena. Ukinyolewa zaidi haurudi. Kama gitaa lina kifaa cha umeme chini ya mfupa, usifanye, kuna utepe mwembamba pale unaochanika.

Shingo imepinda mbele. Lile pengo la freti ya saba likiwa kubwa, kuanzia nusu milimita, basi tunafika kwenye nondo.

Sasa nondo. Inageuzwa kwa spana ya pembe sita iliyopinda kama herufi L, ama kupitia kichwani ama ndani ya tundu. Kwa magitaa mengi, kukaza kuelekea kulia kunanyoosha shingo, kulegeza kunairuhusu ipinde mbele. Robo ya mzunguko tu, kisha tyuni, liache hadi kesho, pima. Spana isipokaa sawasawa ndani ya tundu lake, usilazimishe, utakula kingo zake. Ikiwa ngumu, acha. Ukisikia mlio wa kuvunjika, acha na uombe. Nimeona magitaa mawili yaliyokatwa nondo na wenyewe, na yote mawili tatizo lao lilikuwa mfupa wa chini. Nondo inarekebisha mpindo wa shingo. Kushusha nyuzi si kazi yake.

Shingo imenyooka, mifupa imekaa sawa, mfupa wa chini umebaki kidogo, na bado nyuzi ziko juu: pembe ya shingo na boksi imebadilika. Kung'oa shingo na kuirudisha ni kazi kubwa, na kwa gitaa la bei ndogo gharama inaweza kulipita gitaa.

"Halikai tyuni"

Nyuzi mpya zinavutika siku mbili tatu za mwanzo. Zivute taratibu kwa vidole mbali na shingo, tyuni, rudia mpaka zitulie. Uzi uzungushwe kwenye kigingi mara mbili hadi tatu, ukishuka chini, usipandane ovyo kama kamba ya mbuzi.

Ukiwa unakaza unasikia "tink" na sauti inaruka, uzi unabanwa kwenye mfupa wa juu. Chora ndani ya mfereji kwa penseli ya kawaida. Ule weusi wake ni kilainishi. Na kila mara tyuni kwa kupandisha. Ukizidisha, shusha chini ya noti kisha panda tena.

Funguo zikicheza zenyewe, kaza skrubu ndogo ya kichwa cha ufunguo. Zisipokaza, kununua seti mpya ni nafuu kuliko kuhangaika.

"Nimetyuni kwa simu, lakini kodi zinagombana"

E iko sawa, C inachachuka. Kwanza punguza nguvu ya mkono, wengi wanakamua shingo kama wanakamua ng'ombe, noti inapanda. Kapo (kile kibanio cha shingoni) iliyobana kupita kiasi inafanya vilevile. Kisha shuku nyuzi za zamani na mfupa wa juu mrefu.

Baada ya hapo, gusa uzi bila kubonyeza juu kabisa ya freti ya 12, upige, utoe ile sauti ya kengele. Halafu ubonyeze hapohapo upige. Simu isome noti ileile. Ikisoma juu au chini kwa nyuzi zote, angalia kama kuna mtu alirudisha mfupa wa chini kinyume. Nimekutana na hilo kwenye magitaa ya mitumba. Kama umekaa sawa, mpe fundi auchonge upya.

"Daraja limeinuka" au "lina ufa"

Penyeza karatasi nyuma ya daraja. Ikiingia chini, gundi imeachia. Legeza nyuzi zote, usilipige tena. Usitie gundi ya matone matatu, usipige skrubu. Nimeletewa daraja lenye misumari minne, na fundi aliliachanisha kwa siku nzima akirekebisha uharibifu wa misumari kabla hajagusa tatizo lenyewe. Uvimbe mdogo nyuma ya daraja kwenye gitaa la chuma ni kawaida, usiogope.

Chanzo kikubwa ni joto. Gitaa lililoachwa kwenye gari lililofungwa juani, Moshi saa saba mchana Januari, gundi yake inalainika wakati nyuzi zinavuta. Basi likisimama stendi, shuka nalo.

Cha pili ni ukavu. Ubao wa gitaa unapenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Kiangazi chetu kinaushusha, masika yanaupandisha. Kipimo kidogo cha unyevu ukikipata, kiweke ndani ya mkoba. Wakati wa ukavu mimi natumia kisanduku cha sabuni chenye matundu, ndani sponji iliyolowa na kukamuliwa hadi haidondoshi, kinakaa mkobani pembeni ya kichwa. Wakati wa masika nakitoa, naweka vile vifuko vinavyokuja na viatu vipya. Usilitundike ukuta unaopigwa na jua la jioni, wala jirani na jiko. Ndugu zetu wa Machame na Marangu wenye ukungu, tatizo lenu litakuwa nyuzi kupanda; wa Moshi mjini, nyuzi kushuka.

Ufa mdogo usioongezeka unazibika. Ufa unaotembea, legeza nyuzi, nenda kwa fundi.

"Nikilichomeka kwenye spika linavuma"

Kwa gitaa lenye kifaa cha umeme ndani, kagua betri ya volti 9 kwanza. Kumbuka waya ukibaki umechomekwa betri inaendelea kuliwa hata usipopiga. Kisha jaribu waya mwingine. Likipiga yowe, sogea mbali na spika, ziba tundu la sauti.

Ila kama mvumo unaisha ukishika nyuzi na kurudi ukiachia, huenda ethi (waya wa ardhini) ina walakini. Na kama ukiwa umeshika nyuzi midomo ikagusa maiki ukahisi umeme unakuchoma, hata kidogo, weka gitaa chini na uzime mashine. Hapo hatuzungumzi tena habari ya sauti. Aitwe fundi umeme wa jengo, na ibada iendelee bila vyombo.

Kuhusu fundi gitaa wa kumpelekea: mwambie nyuzi ziko juu, kisha mtazame. Akianza kwa kupima na kuuliza umefunga nyuzi gani, mwachie gitaa. Akianza kwa kutafuta spana ya nondo, mwambie utarudi kesho, uondoke nalo.